CHUO HUFUNDISHA, LAKINI MTIHANI UKO KWINGINE

Ndugu msomaji, ukiwauliza wanafunzi wa shule hii wanataka kuwa nani, utasikia daktari, rubani na wakili. Mhasibu hutajwa mara moja moja, na anayemtaja huongeza mbio mbio, "Lakini mpaka nifike university." Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, maana njia ya uhasibu si lazima ipitie chuo kikuu.

Kwanza, mhasibu hufanya nini? Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mhasibu ndiye mwenye daftari. Tuseme mama mboga amenunua gunia la viazi kwa shilingi 3,000. Pesa zake zimepungua kwa 3,000, na bidhaa zake zimeongezeka kwa 3,000. Jambo ni moja lakini huandikwa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia wa leja. Pande hizo zisipolingana, ujue pana kosa au pana mkono wa mtu. Kazi ni hiyo hiyo katika duka, sacco, hospitali au kaunti, ila tarakimu ndizo hukua.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Ina milango mitatu, na watu wengi hudhani ni mmoja.

Mlango wa kwanza ni chuo. Yako mataasisi ya ufundi ya serikali na vyuo vya kibinafsi vinavyofundisha uhasibu, na vingine vina masomo ya jioni kwa wenye kazi. Chuo hufundisha tu.

Mlango wa pili ni mtihani. Huo hutungwa na kusahihishwa na KASNEB, baraza lililoundwa mwaka wa 1969. Aliyepata C+ katika KCSE anaweza kujisajili moja kwa moja kwa mtihani wa CPA, ambao una ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Humo mna hesabu za fedha, sheria, uchumi, kodi na ukaguzi. Aliyepata C- au C aweza kuanza na diploma ya ATD, na akiihitimu anaruhusiwa kuendelea na CPA. Gredi ya KCSE haimfungii tena. Jambo la kukumbuka ni kwamba usajili wa KASNEB hulipiwa upya kila mwaka.

Mlango wa tatu ni ICPAK, chama cha wahasibu kilichoanzishwa mwaka wa 1978. Kufaulu mtihani ni jambo moja, na kusajiliwa kuwa mhasibu kamili kisheria ni lingine. Anayetaka kukagua hesabu za kampuni kwa jina lake sharti awe pia na leseni ya kazi hiyo.

Mbona nasisitiza milango hii? Ni kwa sababu ya binamu yangu. Alipata C, akaambiwa na chuo fulani mjini kwamba atasomea uhasibu na kupewa cheti. Babake aliuza ng'ombe wawili. Baada ya mwaka mmoja na nusu alipewa cheti kizuri chenye muhuri mwekundu. Alipokwenda kutafuta kazi, aliulizwa nambari yake ya KASNEB. Hakuwa nayo. Cheti kilikuwa cha chuo tu, na ng'ombe hawarudi! Hakukata tamaa lakini. Alijisajili KASNEB, na sasa anafanya ATD. Mchana anauza dukani, jioni yuko darasani, na siku hizi mwenye duka amemwachia daftari la mauzo.

Kwa hivyo, kabla mzazi wako hajatoa hata shilingi ya karo, uliza maswali haya:

1. Je, chuo kinatayarisha wanafunzi kwa mtihani wa KASNEB, au kinatoa cheti chake chenyewe?
2. Je, kimesajiliwa na serikali? Usikubali maneno matupu, omba kuonyeshwa.
3. Je, karo imejumuisha ada za KASNEB, au hizo ni kando? Mara nyingi ni kando.
4. Wanafunzi waliotangulia walifauluje? Watafute uwaulize wao, wala si karani wa ofisini.

Nasi tulio kidato cha tatu tusingoje matokeo ndipo tuanze. Hisabati na Kiingereza tunazozikimbia ndizo zitakazotungoja huko mbele. Somo la Biashara nalo lina leja na daftari la fedha taslimu, kwa hivyo anayelichukua ameshaonjeshwa uhasibu hapa hapa shuleni. Usilidharau ati ni somo la kujaza nafasi.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Mwenye masikio na asikie, na mwenye mzazi wa kulipa karo amsomee makala haya leo jioni.