Mkojo Unaovuta Sisimizi

Ndugu msomaji, umepata kuona sisimizi wakikusanyika mahali pa mkojo wako? Usicheke, wala usipite tu. Waganga wa kale wa India waliona jambo hilo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ugonjwa ule wakauita madhumeha, maana yake mkojo wa asali.

Elimu yao inaitwa Ayurveda. Walifundisha kwamba mwili una nguvu tatu: vata, pita na kapha, ni kama kusema upepo, nyongo na ute. Zisipopatana, mtu huugua. Magonjwa ya mkojo mwingi waliyagawa namna 20: za kapha 10, za pita 6, za vata 4. Mgonjwa mnene walimwagiza atembee sana. Shauri hilo ni jema hata leo.

Lakini hawakuijua insulini, ambayo hutoka katika kongosho na kuituliza sukari ya damu. Mwaka 1922, kule Toronto, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa alidungwa insulini, akaishi.

Basi ufanye nini? Ukiwa na kiu nyingi, ukikojoa mara kwa mara usiku, ukikonda bila sababu, njoo upimwe. Usingoje sisimizi. Na kama umepewa sindano ya insulini, usiiache kwa ajili ya unga wa mganga: dawa nyingine za Ayurveda zimeonekana zina risasi na zebaki. Anayehitaji insulini akiiacha, aweza kufa katika siku chache.