Kweli au Si Kweli? Hesabu za Ndagala, Faranga na Ziwa

Mwanafunzi wa mwaka wa saba au wa nane hapa Uvira ana haki ya kumuuliza mwalimu wa hesabu: haya yatanifaa nini? Anastahili jibu la hapa hapa, kati ya Kalundu na Kavimvira. Tuyapime basi madai machache.

“Ndagala mbichi zina maji asilimia 75. Zikikauka zikabaki na asilimia 15, uzito umepungua kwa asilimia 60.”

Si kweli, na kosa hili humaliza mtaji. Tuseme umenunua kilo 20 mbichi. Ukitoa 15 kwenye 75 utadhani zimepotea kilo 12, zimebaki 8. Ukipima, hazifiki hata 6. Asilimia hizo mbili hazikutolewa kwenye uzito mmoja: 75 ni ya kilo 20 za asubuhi, 15 ni ya mzigo mkavu ambao bado hujaupima. Kisichobadilika ni nyama na mifupa, yaani robo ya kilo 20, kilo 5. Jua likishamaliza kazi yake, kilo hizo 5 ndizo asilimia 85 ya mzigo. Tuuite mzigo huo x: 0.85x = 5, kwa hiyo x ni kilo 5.9 hivi.

Sasa tia bei, za mfano tu. Umenunua kilo moja kwa faranga 4,000, umetoa 80,000. Ukitegemea kilo 8 za kuuza kwa 12,000 kila moja, unaiona faida ya 16,000. Lakini kilo 5.9 zitakupa 70,800. Umepoteza 9,200, na hakuna aliyekuibia.

Mama aliyezoea kuanika ndagala haihitaji hiyo x. Anajua beseni ngapi mbichi hutoa beseni moja kavu, na ujuzi wake ni hesabu kamili. Anayeanza biashara leo hana uzoefu huo, ila mlinganyo unaweza kumwonya kabla hajafungua mfuko.

“Dola nilizobadilisha nikizirudisha siku ileile, sipotezi kitu kwa kuwa bei haijabadilika.”

Si kweli. Mbadilisha pesa ana bei mbili. Akinunua dola kwa faranga 2,800 na kuiuza kwa 2,850, dola 100 zinakuwa faranga 280,000, na ukizigeuza tena unapata dola 98 na senti 25 hivi. Anayevuka kwenda Bujumbura hubadilisha tena kwa faranga za Burundi, na kila mara kipande kinabaki mezani kwa mbadilisha pesa. Ni hesabu ya kugawanya tu, lakini ifanye kabla ya kuondoka nyumbani.

“Mtoto anayejua kuuza sokoni hahitaji darasa.”

Hapa kuna ukweli kidogo. Mwaka 1985, watafiti huko Recife, Brazil, walionyesha kwamba watoto wauzaji waliokokotoa karibu bila kosa mitaani walishindwa sana hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa zaidi wa India, ambao wanauchumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo walishiriki. Nao ulikuta hivyo hivyo, na kinyume chake pia: watoto wa shule waliofaulu kwenye karatasi walikwama kwenye hesabu za sokoni. Kwa maoni yangu, lawama hapa si ya watoto. Tumewafundisha mambo mawili kama vile hayajuani, na kazi ya kuyakutanisha ni ya sisi watu wazima.

“Nyumba yangu iko mita 40 kutoka ufuoni. Ziwa likipanda mita moja, halitanifikia.”

Usiamini kabla ya kupima. Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, kwa hiyo kupanda sentimita moja tu ni maji ya mita za ujazo milioni 329. Mto unaoyatoa ni mmoja, Lukuga, kule Kalemie. Sehemu kubwa huondoka kwa mvuke. Ndiyo maana lilipojaa kuanzia 2020, na tena 2024, halikurudi upesi, na nyumba nyingi za Uvira zilikaa majini.

Yote yanategemea mteremko. Ardhi inayopanda mita 2 kwa kila mita 100 huruhusu maji kuingia mita 50 ziwa likipanda mita moja: nyumba ya mita 40 imeshaingiliwa na maji. Pale milima inaposhuka hadi majini, maji yaleyale husogea hatua chache tu.

Kupima si kazi ngumu. Mwombe fundi mwashi mpira wake wa kupimia levo, ule unaoonyesha maji ndani. Shika ncha moja ufuoni na nyingine mlangoni, soma tofauti ya kimo, kisha igawe kwa umbali. Ukipata 0.02, ndio mteremko wa mfano wetu.