Kompyuta ya mchezo inapozimika baada ya kuongezewa nguvu

Mama mmoja wa kundi letu hapa Kirungu alipokea zamu yake ya likelemba, na badala ya kununua bidhaa akampa mwanawe dola 120. Kijana ana chumba kidogo ambamo watoto wanalipa franka kucheza mpira kwenye kompyuta, na makuta ya chumba hicho ndiyo yanayonunua madaftari na viatu vya wadogo zake wawili. Alitaka picha ziwe nzuri, wateja waongezeke. Akanunua karte grafiki, yaani ile kadi inayochora picha, na bareti moja ya RAM. Vitu vilifika kwa boti. Akavipachika siku hiyohiyo. Dakika kumi za mchezo, mashine ikazimika. Akaiwasha, ikazimika tena.

Kisha maneno yakaanza. Baba mdogo akasema muuzaji ametuuzia kitu kilichokufa. Jirani akasema kijana amekula makuta na kununua kadi ya bei ndogo. Wengine walisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Naandika kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya chumba kilekile, na lingeweza kuonekana bila kumtukana mtu.

Kompyuta ina namna zake za kukataa, na kila namna inaonyesha upande wa kutafuta. Ikiganda na picha zikaanza kukatikakatika au kujaa rangi za ajabu, angalia karte grafiki na pilote yake, ile programu inayoiongoza. Mara nyingi pilote ya kadi ya zamani imebaki ndani na inagombana na mpya: ifute kabisa, uweke ya kadi mpya. Ikileta skrini ya buluu, na kila mara maneno ya kosa yanabadilika, shuku RAM. Bareti mbili za aina tofauti zinaweza kukataa kukaa pamoja, hata kama kila moja peke yake ni nzima. DDR3 na DDR4 haziingii hata katika nafasi moja, kwa hiyo usilazimishe kwa kidole. Windows ina kipimo chake cha RAM. Ukiandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, mashine inajiwasha upya na kujipima.

Lakini ikizimika ghafula kabisa, kama mtu aliyevuta waya, basi ni kurant au ni joto. Katika daftari la matukio la Windows utakuta namba 41. Vijana wengi wanaiogopa namba hiyo wakidhani ni ugonjwa. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, basi. Sababu haisemi.

Mashine ya kijana wetu ilikuwa ya namna hii ya mwisho. Joto lilikaguliwa kwanza: ventilateri zilizunguka vizuri, vumbi likapulizwa, pasta ya joto juu ya prosesa ikabadilishwa. Ikazimika kama kawaida. Hapo nikamwuliza swali moja: inapozimika, ile taa ndogo ya skrini inabaki au inakufa? Hakujua. Tukakaa tukatazama. Ilikufa pamoja na mashine.

Skrini ina waya wake wa kurant. Kama alimentasio ya kompyuta, lile sanduku la chuma linalogawa kurant ndani ya mashine, ndiyo iliyoshindwa, skrini ingebaki inawaka na kuandika kwamba haipokei picha. Vyote viwili vikifa pamoja, kosa liko nje ya kompyuta. Na nje ya kompyuta kulikuwa na konvertiseri ya sola ya wati 300, ile inayogeuza kurant ya betri. Ilikuwa inajikata kwa kuzidiwa, kisha inarudi yenyewe. Kwa kuwa watoto wanacheza mchana na hakuna taa inayowaka, hakuna aliyegundua.

Hesabu yenyewe naifanya na wanafunzi wangu sasa, maana ni kujumlisha na kugawanya tu. Prosesa ya mashine ile, Core i5-3470, imeandikiwa wati 77. Kadi mpya, GTX 1660 Super, wati 125. Karte mama (jina zuri, maana wote wanaiegemea), diski, RAM na ventilateri, tuseme wati 35. Jumla 237. Alimentasio hupoteza sehemu njiani kuwa joto. Ikiwa inatoa 85 katika kila 100 inazopokea, basi inavuta kama wati 279. Ongeza skrini, wati 25. Tumefika 304, juu ya konvertiseri ya 300. Kabla ya kadi mpya, mashine hiyohiyo haikufika hata 160. Ndiyo maana ilifanya kazi miezi mingi bila kulia.

Na betri je? Wati 304 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 25, bado hujahesabu hasara ya konvertiseri. Waya nyembamba zinazotosha taa mbili na simu zinapata moto, volti inashuka, na konvertiseri inajikata hata kabla ya kufika mwisho wake. Pia konvertiseri za bei ndogo hazitoi wimbi laini la kurant, na alimentasio nyingine haziwezi kuvumilia hilo.

Kijana akaipeleka mashine kwa rafiki mwenye gurupu kubwa. Wakacheza saa nzima, haikuzimika. Kwa hiyo kadi ilikuwa nzima, muuzaji hakudanganya, na kijana hakula makuta. Mama yake alilia kidogo alipoambiwa.

Hata hivyo, kule kwa rafiki kulionekana jambo baya kuliko lile la kwanza. Kadi ile inahitaji kuongezewa kurant kwa waya wa pini nane, nayo alimentasio ya kompyuta za ofisi mara nyingi haina waya huo. Kijana aliuziwa adapta inayochukua kurant kwenye waya wa diski. Plagi ya SATA ya diski imetengenezwa kubeba wati 54 hivi kwenye volti 12, nayo plagi ya pini nane inaruhusiwa kuvuta hadi 150. Baada ya saa ile moja plastiki ya adapta ilikuwa laini na inanuka. Chumba hicho ndicho wanacholala wadogo zake, na godoro liko mita moja kutoka mezani. Mimi nasema wazi: adapta ya namna hiyo isikae katika nyumba ya mtu.

Dawa ilikuwa kubadilisha kadi. Mashine inaweza kutoa hadi wati 75 kupitia nafasi yenyewe ya kadi, bila waya wa ziada, na ziko kadi zilizotengenezwa kuishi ndani ya kipimo hicho. GTX 1050 Ti ni moja, ila hakikisha unachukua ile isiyo na plagi juu yake, maana zote hazifanani. Ukirudia hesabu yetu kwa 75 badala ya 125, jumla ya nje inashuka hadi karibu 245.

Wenye kutaka kununua, someni kwanza karatasi iliyobandikwa kwenye alimentasio na kwenye konvertiseri, mwandike namba, muende nazo kwa muuzaji. Na mkinunua vitu viwili, pachikeni kimoja, mcheze siku mbili, ndipo muweke cha pili. Kijana aliweka kadi na RAM pamoja, na siku tatu nzima tuliishuku bareti isiyo na kosa.

Watoto wa jimbo hili wana haki ya kujua vitu hivi. Tantali inayotumika katika vyombo vingi vya elektroniki inatoka katika koltani, na koltani inachimbwa hapa kwetu Tanganyika, kule Manono.

Kadi kubwa imeuzwa, ndogo imenunuliwa, na tofauti ya makuta imenunua waya nene za betri. Mama bado ana zamu tatu za kuchangia likelemba. Chumba cha mchezo kimefunguliwa tena siku za Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, wakati jua lingali linaisaidia betri.