LORI LA SAFARI NDEFU: SIYO SPRINGI TU, CHESISI NAYO INACHEZA

Kuna mdau kaniuliza kuhusu yale malori yenye kinyumba mgongoni, ambayo wazungu wanashuka nayo kutoka Ulaya mpaka huku Arusha. Anasema, yanapitaje makorongo yote yale bila kuvunjika? Jibu ni kwamba mengine yanavunjika. Nilipomaliza form four matokeo yangu hayakuwa ya kuonyesha mtu, nikaenda kuwa msaidizi kwenye gereji moja hapa mjini. Lori la kwanza la aina hiyo kulishika lililetwa likiwa limepasuka.

Ilikuwa Unimog U1300L, iliyowahi kuwa ya jeshi la Ujerumani. Kwa wasioijua, Unimog ya kwanza ya majaribio ilitembea mwaka 1946 na ilibuniwa kwa ajili ya wakulima, halafu mwaka 1951 ikahamia Mercedes-Benz. Springi zake ni za koili mbele na nyuma. Ekseli zimekaa juu kuliko kitovu cha tairi, kwa sababu kila habu ina gia zake zinazopeleka nguvu chini. Kwa hiyo difu inakaa juu na mawe yanapita chini yake bila salamu.

Wenye gari walikuwa mtu na mkewe. Walinunua lori kavu, wakatafuta mtu huko walikotoka akawafungia kinyumba moja kwa moja kwenye chesisi, kwa bolti nzito kila upande. Walipofika kwetu mlango wa nyuma haufunguki, wanaingilia dirishani, na kila pembe ya dirisha ina ufa. Mimi nikajifanya najua, nikasema springi zimechoka. Fundi mkuu akacheka. "Dogo, springi haina kosa lolote hapo."

Akaamuru tairi la mbele kushoto lipandishwe kwenye gogo, na la nyuma kulia kwenye gogo jingine. Tukasimama nyuma tukaangalia. Kichwa cha lori kimelalia kulia, mkia umelalia kushoto! Springi zilifika mwisho wa kucheza, na kilichobaki kikamalizwa na chesisi yenyewe. Ilijikunja kama unavyokamua nguo. Na hiyo siyo ajali, imetengenezwa hivyo ili matairi yote manne yabaki chini yakishika ardhi.

Sasa chukua boksi la viatu. Bila kifuniko, ukilishika pembe mbili na kulipinda, linapinda kirahisi. Gundisha kifuniko, jaribu tena. Limegoma. Chesisi ni kama boksi lililo wazi, na kinyumba ni boksi lililofungwa. Ukivifunga pamoja kwa bolti, mmoja anataka kupinda na mwingine hataki, na bolti haitoi ruhusa. Lazima kitu kipasuke, na kinaanzia kwenye pembe za madirisha na mlango.

Dawa yake tunaijua toka jikoni kwa mama: mafiga matatu. Sufuria kwenye mafiga matatu haiyumbi hata ardhi ikiwa imeinama, ila weka mawe manne uone. Tulitengeneza fremu ya pili kati ya chesisi na kinyumba. Nyuma ikashikwa sehemu mbili, kushoto na kulia. Mbele ikashikwa sehemu moja tu katikati, kwenye pini nene inayozunguka ndani ya bushi. Chesisi ikijikunja, pini inazunguka, kinyumba kinafuata mkia tu. Hata bodi ya mizigo ya Unimog imefungwa kwa mtindo huo huo toka kiwandani, ila aliyefunga kinyumba hakutaka kuangalia. Lazima uache nafasi nzuri kati ya kinyumba na kichwa cha lori, maana vinainama tofauti na vitagongana.

Hapo ndipo nilipokaribia kufukuzwa kazi. Nimeshika drili, nataka kutoboa ule ubapa wa juu wa chesisi maana ndiyo panapofikika. Fundi alipiga kelele mpaka jirani wakatoka! Chuma cha chesisi kikibebeshwa mzigo, ubapa wa juu na wa chini ndio unaovutwa na kubanwa zaidi. Tundu pale ni mwanzo wa ufa, na ufa hautakuuliza kama upo mlimani au mtoni. Unatoboa ubavuni, au unatumia matundu yaliyopo.

Baada ya hapo ndiyo tukazungumza springi, kwa kuanza na uzito. Maji lita 300 ni kilo 300. Dizeli lita 400 ni karibu kilo 335. Bado kitanda, betri, jiko, na tairi la akiba linalotaka watu wawili. Springi laini italala, springi ngumu mno itawapiga mgongo na kuvunja vyombo. Tuliyashusha matangi chini, karibu na chesisi, ili lori lisipende kulala ubavu.

Shokapu nayo ina siri yake. Ndani mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka joto. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati haipati hata sekunde ya kupumzika. Mafuta yanachemka, yanatoa povu, lori linaanza kuelea. Punguza mwendo na upepo wa matairi kidogo, halafu ukifika lami ujaze tena, vinginevyo tairi litachemka na kupasuka.

Walikwenda Ziwa Natron kujaribu, wakarudi baada ya siku nne wamejaa vumbi mpaka kope. Fundi hakuwasalimia hata, alienda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Ukafunguka kwa kidole kimoja. Shokapu moja ilikuwa inavuja, tukabadilisha.

Za Land Cruiser zinazorefushwa kwa ajili ya watalii nitawaletea siku nyingine, ni stori nyingine kabisa. Mafundi mliopo humu, kama nimekosea mahali semeni hapo chini, msiogope kunisahihisha.