Mama Kazini, Mama Nyumbani: Mzigo Usioonekana

 Leo tunazungumza juu ya afya ya akili ya mama anayefanya kazi au anayesoma, huku akilea watoto.

Tuchukue mfano wa mama wa hapa Sigalagala. Ana watoto wawili. Anasomea ufundi wa umeme katika chuo chetu, ambacho siku hizi ni politekniki ya kitaifa. Saa kumi na moja alfajiri ameshawasha moto. Anapika uji, anawaogesha watoto, anampeleka mdogo kwa nyanya yake, kisha anakimbilia darasani. Mwalimu anaeleza kuhusu nyaya, lakini yeye anawaza: Je, mtoto amekula? Unga umebaki? Kliniki ni kesho au kesho kutwa? Jioni akienda kumchukua mtoto, mtoto anamng'ang'ania nyanya na kukataa kuondoka. Usiku huo mama analia. Anajiambia, "Mimi ni mama mbaya. Afadhali niache masomo."

Je, umewahi kujisikia hivyo? Kama ndivyo, jua kwamba wewe si mvivu, wala huna moyo dhaifu. Unabeba mizigo miwili, na mmoja wao hauonekani.

Mzigo wa kwanza ni kazi ya mikono: kuteka maji, kupika, kufua. Mwaka wa 2021, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilifanya utafiti kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao. Ilionekana kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu yake mwaka wa 1989. Alisema mama akitoka kazini huwa anaingia zamu ya pili nyumbani.

Mzigo wa pili ni kazi ya kichwa: kukumbuka, kupanga na kuhangaika. Baba anaweza kwenda dukani akitumwa. Lakini ni nani aliyeona kwamba chumvi imekwisha? Kazi hii haina mapumziko. Mama hulala nayo na kuamka nayo. Ndiyo sababu anachoka hata siku ambayo hakushika jembe.

Uchovu huo huzaa hatia. Akiwa darasani moyo uko nyumbani, na akiwa nyumbani moyo uko kwenye mtihani. Kila mahali anaona amepungukiwa.

Sasa tuulize: je, mtoto huumia kwa sababu mama yake anafanya kazi? Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka wa 1991 uliwafuata watoto zaidi ya 1,000 tangu kuzaliwa. Ulionyesha kwamba kulelewa na mtu mwingine mchana, peke yake, hakuvunji kifungo cha mama na mtoto. Kilicho muhimu zaidi ni jinsi mama anavyomjali na kumwitikia wanapokuwa pamoja. Basi mtoto anayempenda nyanya yake hajampoteza mama. Amepata watu wawili wa kumkimbilia.

Ufanye nini, basi?

Kwanza, andika kazi zote za nyumbani kwenye karatasi, pamoja na zile za kufikiria. Mzigo ukiandikwa, kila mtu anauona.

Pili, gawa kazi nzima nzima. Na wewe baba unayetusikiliza, hapa tega sikio. Kusaidia ukitumwa si sawa na kuwajibika. Kwa mfano, chukua kliniki iwe yako. Fungua kijitabu cha mtoto, ujue mwenyewe kwamba chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, kisha umpeleke bila kukumbushwa. Huenda wenzako wakakucheka ukipita Khayega na mtoto mkononi. Waache wacheke. Mtoto ni wako.

Na mama asiye na mume je? Kidole kimoja hakivunji chawa. Zungumzeni katika chama chenu, mpeane zamu za kuwatazama watoto, kama mnavyopeana zamu za pesa.

Tatu, usiamue kuacha kazi au masomo usiku ukiwa umechoka. Ngoja ulale, kisha uzungumze na mtu unayemwamini. Kubaki nyumbani si kosa, na kwenda kazini si kosa. Lakini uamuzi uwe wako, usiwe wa uchovu.

Nne, jua haki zako. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa.

Tahadhari, msikilizaji. Kuna uchovu, na kuna ugonjwa. Ikiwa kwa wiki 2 mfululizo una huzuni isiyoondoka, hupati usingizi hata mtoto akilala, huna hamu ya chakula, au hufurahii chochote, huenda huo ni mfadhaiko. Unaweza kumpata mama yeyote, hasa baada ya kujifungua. Si laana, na hutibika kwa mazungumzo na mshauri, na wakati mwingine kwa dawa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya rufaa ya kaunti pale Kakamega. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Mwambie mtu sasa hivi, na akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Leo usiku, baada ya chakula, ulizaneni nyumbani swali moja: "Katika nyumba hii, ni nani anayekumbuka kila kitu?" Jibu likiwa ni mtu mmoja, hapo ndipo pa kuanzia.

 Jitunze, na umtunze anayekutunza.