Katochi Kalikonifunga Mdomo

Mke wangu aliponiletea katochi ka kuning'iniza kwenye funguo, nilicheka. Ka nini wakati nina simu? "Haya, subiri umeme ukatike," akanijibu.

Ukakatika kweli! Nipo kwenye ngazi, naelekea ghorofa ya tatu, binti yetu amelala begani, simu imeisha chaji. Nikabonyeza katochi, ngazi zote nikaziona hadi mlangoni. Bwana we, nilinyamaza.

Ila juzi nikamkuta binti anatafuna funguo. Nilishtuka, maana ndani mna betri bapa kama sarafu, CR2032, upana milimita 20. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa 2 tu. Ni kumkimbiza hospitali hapo hapo.

Sasa tumenunua nyingine ya betri moja ya AAA, mfuniko wake wa kuzungusha, na funguo zinatundikwa juu. Wewe je, ya kwako ina betri gani? Ikague leo. Na mwenzio akikuletea kitu kidogo, usicheke kwanza. Huenda amekuwazia giza ambalo wewe hujaliona.