Umebuni Kitu Kipya? Wahi Sokoni Kabla Hujaigwa

Kamukunji hakuna siri. Ukiweka jiko la muundo mpya hapo nje leo, kesho kutwa jirani anagonga mabati kuunda lake, tena kwa bei ya chini. Kwa hivyo wahi mambo mawili.

Kwanza, linda kazi yako. Ofisi za KIPI ziko South C, Nairobi. Hataza hulinda uvumbuzi kwa miaka 20. Na kama watu wawili wamebuni kitu kimoja, kila mtu kivyake, haki ni ya aliyewasilisha ombi kwanza. Kuchelewa kunaweza kukunyima kila kitu.

Pili, uza mapema. Usingoje mkopo wa kuunda majiko mia. Unda matano, pokea oda, na mteja alipe sehemu ya pesa kwenye till ya biashara, si kwa nambari yako binafsi. Hapo rekodi ziko sawa, na pesa ya mabati haichanganyiki na ya unga.

Lakini ukishapokea pesa, taja siku ya kumpa mteja jiko lake, na uitimize. Akichoka kungoja, ataenda kwa yule aliyekuiga.